Anayekula na Mama Jumamosi

Kakuma, Jumapili, 9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza nayo kabla hujanikosoa.

Mimi na tumbo langu tuko salama, ila daktari bado amenikataza barabara. Presha yangu inapanda na kushuka, na anasema nikijaribu kuja Lodwar ninaweza kujifungulia njiani. Mkweo Kipkemboi yuko Lokichar na wale makandarasi wake, atarudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Jumapili zangu ni mimi na Godelieve.

Godelieve ni yule mama Mkongo niliyekutajia, mwenye kibanda cha chakula sokoni, ndani ya kambi. Nikitoka kanisani ananiwekea kiti nyuma, mbali na moshi. Ikifika saa tano, watu wanamwagika kutoka makanisani na njaa zao, naye anapakua mikate ya kukaanga, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi. Jirani yake Mhabeshi analeta kahawa. Tukishashiba tunazunguka kwenye mitumba kutafuta nguo za mtoto. Leo tumepata shali ya manjano, na Godelieve ameivuta bei mpaka muuzaji akaenda kunywa maji.

Mama, nikuulize jambo. Mzee Njenga wa duka la vifaa vya ujenzi alipita hapa Ijumaa kuleta mabati. Ameniambia kila Jumamosi unakula chai ya saa tano kwenye ile hoteli ya karibu na daraja, na kwamba huli peke yako. Alisema "yeye na yule bwana," kisha akaanza kuniambia bei ya misumari. Ni bwana gani?

Halafu, barua yako ya mwisho haikuwa mwandiko wako. Nikikupigia simu huchukui, au unachukua, unasema uko sawa, unakata. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba simu ni ya kujuliana hali na barua ni ya kuzungumza. Basi zungumza.

Mwanao,
Ashley


Lodwar, Alhamisi, 13 Februari 2025

Mwanangu Ashley,

Marahaba. Kula vizuri, na usikae juani.

Mwandiko ni wa jirani. Kifundo cha mkono wa kulia kiliteguka nikiinua ndoo, kwa hiyo mimi nasema naye anaandika. Kitapona. Usimsumbue daktari kwa habari zangu.

Ni kweli Jumamosi nakula nje. Nilipika miaka mingi, nimejipa ruhusa. Pale hotelini sasa wanakaanga samaki barazani. Unasikia mafuta yakilia, na harufu ya chapati inakufikia mbele ya mtu hajaagiza kitu. Baadaye sokoni. Ukiingia kwa upande wa juu unapokewa na tumbaku ya Lotiir, halafu ngozi za mbuzi, halafu samaki wakavu wa Mama Ekiru, halafu matikiti yaliyopasuliwa. Juzi kulikuwa na batu wengi kuliko kawaida, maana mishahara ilikuwa imeingia. Wanawake wa vikapu waliniita, "Ejok, Mwalimu," nami nikaitikia, "Ejok-noi." Tulinunua ndizi na kikapu kimoja cha nguo za mtoto, utakipata kwenye kifurushi hiki.

Kuhusu mabwana, mzee Njenga auze misumari.

Mama yako,
Mwalimu Jebet


Lodwar, Jumamosi, 22 Februari 2025

Ashley,

Salamu nyingi. Uliniomba niangalie mambo ya Mwalimu, nimeangalia. Naandika kwa karatasi juu maneno kama haya ukiyaweka kwa simu yanazunguka mji mzima.

Huyo jamaa anaitwa Baudouin. Ni mkimbizi wa Congo, ako na cherehani kwa veranda ya maduka ya nguo. Leo nimeketi meza ya karibu na yao. Nimeagiza supu ya mbuzi na nimekaa nayo mpaka ikaganda. Yeye ndiye alisoma menyu. Yeye ndiye aliagizia Mwalimu chakula. Samaki ilipokuja, alitoa miiba yote na vidole vyake, akashika mkono ya Mwalimu, akaupeleka kwa sahani. Mimi nimeoa siku nyingi na sijawahi kufanyiwa hivyo.

Wakati wa kulipa, alifungua pochi ya Mwalimu mwenyewe, akatoa, akarudisha. Mwalimu hata hakuangalia.

Nikawafuata sokoni. Wanatembea wameshikana. Jamaa anamnong'onezea kwa sikio na Mwalimu anacheka kama msichana. Nikapita mbele yao, karibu nimguse, nikainamisha kichwa kumsalimia. Akanipita kama mti. Mimi niliyebeba jeneza ya baba yako.

Kuna kitu ingine sikutaka kusema. Jumatano walionekana wakiingia kwa ile kompaundi ya ofisi ya ardhi, jamaa amebeba bahasha.

Mimi si mtu wa fitina. Fanya unavyoona.

Njenga


Kakuma, Jumapili, 2 Machi 2025

Mama,

Leo sitazunguka.

Nilimpa Godelieve barua yako aisome wakati tunangoja chakula. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Akaniuliza, "Huyu jirani wa mama yako alitoka Uvira ao Fizi?" Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha "batu." Akanionyesha "mbele ya" mahali ambapo mtu wa huku angesema "kabla." Akasema, "Huyu ni mutu wa kwetu."

Mama, ulinirudisha darasani peke yangu kwa kuandika "vitu mingi." Leo barua imetoka nyumbani kwako na neno "batu," na hukuliona?

Ninajua jina lake. Ninajua anakula samaki wako na pochi yako anaifungua yeye. Ninajua mmeingia ofisi ya ardhi. Mtu huyo ni mwizi. Pole kwa neno hilo lakini silirudishi. Anatafuta paa, na paa aliloliona ni la nyumba aliyoijenga Baba. Ameshika kalamu yako ili ajue kila ninachokuambia. Kwa hiyo barua hii isome peke yako, kisha uichome.

Watu wanakucheka. Umempita mzee Njenga barabarani kama humjui. Baba angekuona unavyolishwa kwa mkono mbele ya watu, angegeuza uso.

Nimempigia Mjomba Cheruiyot. Yuko tayari kuja kukuchukua ukae naye Kapsabet mpaka nijifungue. Baada ya hapo tutaona.

Ashley


Lodwar, Alhamisi, 6 Machi 2025

Mwanangu Ashley,

Barua yako nimesomewa yote. Ile sehemu ya mwizi nimesomewa mara mbili, kwa sababu pikipiki ilipita nikaomba irudiwe.

Uliniambia niisome peke yangu. Hilo halikuwezekana.

Anayeandika haya ni Bwana Baudouin. Ni fundi wa nguo, Mkristo, na karatasi zake za kukaa hapa ziko sawa. Habari ya jirani na habari ya kifundo ni uongo, na uongo huo ni wangu. Yeye alikataa kuuandika, nikamlazimisha.

Sikuingia ofisi ya ardhi. Katika kompaundi hiyo kuna ofisi nyingine, na nilikuwa na shughuli huko. Nyumba iko kwa jina langu na siku yangu ikifika itakuja kwa jina lako. Mzee Njenga ninamwomba radhi, sikukusudia kumpita.

Kapsabet siendi. Kiti chenyewe ninakijua. Ni cha plastiki, kinawekwa mlangoni asubuhi, unapewa njegere umenye, na kila anayepita anauliza kama umekunywa chai. Kaka yangu ana moyo mzuri, lakini mimi nimekaa Lodwar tangu kabla hujazaliwa. Nusu ya wanaouza pale sokoni niliwafundisha kusoma.

Mwambie asije.

Mama yako,
Mwalimu Jebet


Kakuma, Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa Bwana Baudouin,

Umeshika kalamu ya mama yangu, basi nakuandikia wewe.

"Nimesomewa." Neno hilo nimetembea nalo siku tatu. Mama yangu husoma Biblia, husoma magazeti waliyofungia sukari, husoma hata maneno ya nyuma ya pakiti ya unga na kuyasahihisha. Kwa nini asomewe?

Nilipiga simu Ijumaa ukaichukua wewe, ukasema anaoga. Nilipiga tena, nikamsikia akisema kitu nyuma yako, simu ikakatika. Ni mgonjwa? Unamficha nini? Na je, kweli ulimsomea barua yangu, au ulijitungia yako ukamsomea hiyo? Mtu aliyeitwa mwizi hawezi kukaa akasoma neno hilo kwa sauti, mara mbili.

Nisipopata jibu kufikia Ijumaa, mzee Njenga ataenda pale nyumbani na wazee wa kanisa.

Ashley


Lodwar, Jumatano, 12 Machi 2025

Kwa Madame Ashley,

Ejok. Ni miye Baudouin. Mwalimu anakosoa Swahili yangu kila siku, lakini leo nimemwomba aniachie niandike yangu.

Barua yako nilimsomea, njo ile ile, neno kwa neno. Kusoma mutu anakuita mwizi, na mama yake iko anasikiliza karibu yako, ni kazi nguvu. Kuko pahali nilitaka kuruka. Sikuruka, juu siku nikianza kuruka maneno, yeye hatajua tena maneno gani ni ya kweli. Hii yako ya juzi pia nimemsomea.

Lakini ni lazima niseme kweli. Mustari moja niliruka. Ile ya baba yako, kwamba angegeuza uso. Ile haikuwa juu yangu. Nilimwangalia nikaona afazali nipite. Ukisema nimsomee, nitamsomea.

Unauliza kama ni mgonjwa. Hiyo si yangu ya kusema. Tangu mwezi wa kumi na moja ninamwomba akuambie. Leo nimeweka karatasi mbele yake, nimemwekea kalamu mu mukono, nimetoka inje.

Najua utauliza miye napata nini. Jumamosi napata samaki na chai, analipa yeye, hiyo ni kweli. Tangu nifike Lodwar nilikuwa nakula nimesimama, kwa kibanda, dakika kidogo narudi kwa mashine. Kukaa chini na mutu, mukaongea mpaka chai inapoa, hiyo ilikuwa imenipotea.

Baudouin


Lodwar, siku hiyohiyo

Ashley,

Huu ni mkono wangu. Nimeweka rula chini ya kila mstari lakini inateleza. Usinipe maksi.

Sioni. Jicho la kulia limebaki na mwanga tu. La kushoto ni kama kuchungulia kwenye mrija. Ni presha ya macho. Daktari amesema iliyokwisha kupotea hairudi, dawa ya matone ni ya kulinda hii iliyobaki. Jumatano ile tulikwenda kuandikisha kadi ya watu wenye ulemavu. Sikuweza kukutajia neno hilo.

Nilijua ukijua utanihamisha.

Baudouin aligundua siku niliyompelekea gauni. Nililishika ndani nje, na uzi mweusi nikauita mweupe. Aliniuliza tu kama nimekula.

Nimechoka, na sijui kama karatasi imekwisha.

Mama


Kakuma, Jumapili, 16 Machi 2025

Mama, na wewe Baudouin unayesoma,

Niliifungua bahasha pale pale kwenye ofisi ya vifurushi. Mistari yako imepandana, mwingine umetoka nje ya karatasi, na neno la mwisho nimelikisia. Yule msichana wa ofisi aliniletea kiti.

Nina hasira, Mama. Tangu Novemba unaniandikia harufu za chapati na sauti za mafuta, nami nikifikiri umekuwa mshairi. Ningekuja. Kabla presha haijanianza, ningekuja.

Lakini hasira yangu haina pa kwenda, kwa sababu uliogopa ningekuhamisha, na ndicho hasa nilichofanya kabla hata ya kujua.

Kuna mstari ambao Baudouin hakukusomea. Niliuandika mimi, kwa hiyo ausome sasa, asiuruke: niliandika kwamba Baba angekuona unavyolishwa mbele ya watu, angegeuza uso. Hakuna la kunitetea hapo.

Baudouin, nilikuita mwizi. Sasa nalirudisha neno hilo, na wewe ndiwe utakayelisoma kwa sauti, jambo ambalo si haki. Samahani. Nikuambie pia ukweli mwingine: bado sijakuamini kabisa. Mtu anayeshika pochi ya mama yangu ninataka kumwona usoni. Msomee na hilo.

Kuna tatizo. Nilimpigia Mjomba kumzuia. Akauliza kwa nini nimebadilika, nami nikashindwa kudanganya, nikamwambia kuhusu macho. Akasema, "Basi sasa ndiyo lazima." Anakuja Jumamosi na gari la kukodi. Nimeharibu, Mama, na niko huku na miguu imevimba.

Ashley


Lodwar, Jumapili, 23 Machi 2025

Mwanangu Ashley,

Nianze na Baba yako. Mstari wako nimesomewa. Umemsahau. Mtu yule hakujua kugeuza uso penye samaki. Angevuta kiti, angeagiza wa kwake, na angemuuliza Baudouin kama anajua kushona suruali ya mtu mwenye tumbo. Liishie hapo.

Sasa Mjomba wako. Alifika jana saa nne, akaliacha gari likinguruma nje. "Fungasha, dada," akasema. Nikamwambia ni Jumamosi, kwanza tunakula. Baudouin alikuwa ameshafika. Kaka yangu hakumsalimia.

Tukaenda wote hotelini. Mzee Njenga alikuwa pale. Nilimwita kwa sauti, kwa kuwa nimeshakijua kikohozi chake, nikamwambia asogeze kiti chake aache kutusikiliza kwa mbali. Alisogea. Chapati aliila.

Mjomba wako akauliza, "Huyu ni nani kwako?"

Nikasema, "Ni mtu ninayekula naye."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

"Na nyumbani ukianguka, nani atakuokota?"

Nikamwambia sina mtu, Ashley. Kisha nikasema, "Kabla hujaniweka kwenye gari, twende sokoni. Mimi na wewe tu."

Nilimwomba anishike mkono lakini asinielekeze. Nilianza na tumbaku ya Lotiir, tukakata kona kwenye ngozi. Hapo mkokoteni ulinigonga goti, nikauomba mkokoteni msamaha, na nilimsikia kaka yangu akivuta pumzi ya mtu aliyeshinda. Sikusimama. Tulipofika kwa Mama Ekiru nikanunua samaki kwa kunusa na kubonyeza, akanipa chenji yangu noti moja moja akizitaja. Kugeuka, mkono wa kaka yangu haupo. Nikamwita. Nikamwita tena.

Mama Ekiru akaniuliza, "Yule mgeni mwenye kofia?" Akapaza sauti kwa Kiturkana, ikapokewa kibanda hadi kibanda, mpaka jibu likarudi kutoka kule chini. Nikaenda mwenyewe kwa kuzifuata sauti zao. Alikuwa kwa wauza vikapu, wamemzunguka, amebebeshwa vikapu vinne ambavyo hakujua amevikubalije. Nilimtoa. Vikapu viwili alivilipia.

Tulipofika kwenye gari akasema, "Wanakujua hapa." Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Lakini usiku?" Mama Ekiru, aliyekuwa ametufuata na samaki niliowasahau, akajibu badala yangu. Amepanga chumba kibovu huko ng'ambo, na chumba changu cha nyuma kiko wazi tangu uolewe. Anahamia wiki ijayo.

Kaka yangu ameondoka na gari tupu. Amesema atarudi Agosti kuangalia, na akikuta nimeumia hatauliza mtu. Nimekubali. Alipoagana alimpa Baudouin mkono. Sikuona, lakini nilimsikia Baudouin akisema, "Karibu tena, mjomba," na hakuna aliyemkemea.

Mama yako,
Mwalimu Jebet

(Miye Baudouin naongeza hapa, amekubali. Goti limevimba kidogo. Amesema nisiandike.)


Kakuma, Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mama,

Ni msichana. Alizaliwa Alhamisi mchana. Tuko salama sote wawili, na presha imeshuka. Kipkemboi alifika kutoka Lokichar na vumbi lote la njiani, muuguzi akamrudisha nje akaoge kwanza. Godelieve amefunga kibanda leo, siku ambayo kambi nzima inataka kula, ili aje kunipikia uji na kunikemea.

Daktari amesema ninyi mnaweza kuja. Njooni Jumamosi, gari la asubuhi, mtafika kabla ya saa tano. Godelieve ataweka meza uani kwetu. Ameuliza kama Baudouin anakula sombe yenye mawese au bila, na kijiji chao ni kipi hasa, na maswali mengine ambayo nimemwambia amuulize mwenyewe. Baadaye, ukipumzika, tutakupeleka kwenye soko la Wahabeshi. Huku hujui njia, kwa hiyo utanishika mkono, na nitakuelekeza hata ukikataa.

Baudouin, nitakutazama usoni muda mrefu. Usikasirike.

Mama, najua ungependa picha ili usomewe anavyofanana. Sikuiweka. Kipkemboi anasema ni mama mkwe wangu kabisa, Godelieve anasema ni mimi, wauguzi wanasema wanavyowaambia watu wote. Nimewanyamazisha. Osha mikono yako ukifika, umshike kwanza, kisha wewe ndiye utuambie ni wa nani.

Mwanao,
Ashley